Wageni Mia Tisa wa Njia ya Maporomoko

Jumatatu, 3 Machi
Nimepanda cheo! Hadi jana nilikuwa nafyeka nyasi kando ya njia ya maporomoko. Leo nahesabu wageni. Daktari wa chuo kikuu (si wa sindano, ni wa utalii) kanipa kidude cha chuma. Mgeni akipita, nabonyeza, namba inapanda. Anatafiti mlima upokee wageni wangapi bila kuchakaa. Kazi ni ya wiki mbili. Akiridhika, ya kudumu, na chumba cha familia juu yake! Miezi kumi na nne sijamwona mke wangu. Nikampigia, nikamwambia sasa mimi mtafiti. Akauliza mtafiti gani aliyeacha shule darasa la sita. Wivu tu.

Jumanne, 4 Machi
Wageni arobaini na mmoja. Kipara, bawabu wa lango la chini, naye ana kidude. Kapata sitini na wanane! Njia moja, wageni walewale. Nimeduwaa. Akasema labda macho yangu yako likizo. Sasa Daktari atamchukua nani, wa arobaini au wa sitini?

Jumatano, 5 Machi
Nimemhesabu kila mtu akipanda na akishuka. Mmoja alirudia kofia yake: mara nne. Mbuzi wawili pia, kwani hawakanyagi? Mia moja na tisa. Kipara: mia mbili! Mtu mzima hana haya.

Ijumaa, 7 Machi
Akili ni mali. Nimekifunga kidude chini ya kisigino. Kila hatua, mgeni. Nimetembea mpaka magoti yakalia. Mia tisa na watatu! Kipara kakificha kidude chake mfukoni.

Jumatatu, 10 Machi
Daktari kasoma daftari langu, akakaa juu ya jiwe. Rangi ilimtoka.
"Mia tisa kwa siku moja, ndugu yangu? Una hakika?"
"Daktari, hao nimewahesabu kwa miguu yangu mwenyewe."
Akanishika mkono kwa nguvu. Nimemwambia mke afunge mizigo.

Alhamisi, 13 Machi
Siamini. Njia imefungwa! Daktari kapeleka hesabu kwa wakubwa, nao wakaamua mlima umeelemewa, upumzike mwaka mzima. Mimi na Kipara tumesimama mbele ya bango kama kuku walionyeshewa. Akakiri kwamba alizidisha tangu siku ya kwanza, akihofia nitachukuliwa mimi. Nimeshtuka! Kumbe kuna watu waongo hivi. Mke kasema kufunga mizigo si tabu, tabu ni kuifungua majirani wakitazama.

Jumamosi, 15 Machi
Daktari kanionea huruma. Nibaki mwezi mmoja, nihesabu wanaoingia kwa kuiba. Wakiwa wachache, atawaomba wakubwa waifungue njia mapema, nami nipate kazi ya kudumu. Wakizidi, watajenga ukuta, na ukuta hauhitaji mtu wa kuhesabu. Nimeelewa vizuri kabisa.

Nimekaa tangu asubuhi. Hajapita hata panya. Sifuri! Nimeitazama sifuri hiyo. Nani atampa chumba cha familia mtu wa sifuri?

Nimekifunga kidude kisiginoni. Saa sita hii, tayari wezi mia mbili na kumi. Nimempigia mke, nikamwambia asifungue hata mfuko mmoja.