Mkanda Badala ya Cheni

Jumatatu, 4 Januari

Siku mbaya. Mashati matatu yamerudishwa kutoka shuleni. Meupe pe, kola zimenyooka, vifungo vimekaa sawasawa, na kila moja lina mstari mweusi wa grisi mgongoni. Grisi ya cheni. Cheni ya pikipiki yangu. Eti mwalimu mkuu aliyashika kwa vidole viwili. Habari ya vidole hivyo nimeisikia asubuhi, mchana na jioni.

Mke wangu, Mama Pacha, ndiye mshonaji. Mimi ni Mkuu wa Usafirishaji. Cheo nilijipa mwenyewe, ila hajawahi kukipinga. Leo nusura anivue. Aliweka mkasi mezani taratibu, akasema: “Ijumaa unapeleka mashati yaliyobaki. Likirudi hata moja na doa, kuanzia hapo mizigo yangu anabeba kaka yangu.”

Kaka yake! Shemeji Marashi! Mtu anayejipulizia manukato mpaka nyuma ya masikio. Ana skuta. Skuta haina cheni, ina mkanda umefichwa huko ndani, haiungurumi, haitoi grisi. Naye alikuwepo pale pale, amekalia kiti changu, akanipa pole. Pole yake inauma kuliko matusi ya mtu mwingine.

Mama Pacha alishauri mzigo niufunge kwa nailoni. Nailoni! Mimi! Nikajitia hamnazo.

Alasiri nimekaa namtazama akishona. Mguu unakanyaga, gurudumu la chini linazunguka, mkanda wa ngozi unapanda na kushuka, na kitambaa cheupe kinapita karibu yake bila kuchafuka. Kimya kabisa. Nikasimama ghafla. Mama Pacha akaniuliza nimeng'atwa na nini. Nikasema si kitu. Kumbe mambo yameshaiva kichwani. Natoa cheni, naweka mkanda! Tutaona Marashi atanipa pole ya nini.

Jumanne, 5 Januari

Nimeshinda gereji. Kwenye uwanja wa magari mabovu kuna gari dogo limelala juu ya mawe, injini imefunguliwa. Ndani yake, mkanda wa meno! Mzito, mweusi, mzima. Pamoja na magurudumu yake mawili, dogo na kubwa, yenye meno yanayoingiana nao. Nilikaribia kuubusu.

Mwenye gereji hatoi kitu bure. Akataka cheni yangu na magurudumu yake. Nikampa kabla hajabadili mawazo. Akaniuliza kama nina cheni nyingine nyumbani. Nikamwambia mtu anayekwenda mbele hahitaji cheni nyingine. Akatikisa kichwa akaenda kunywa chai.

Pikipiki nimeisukuma mpaka kwa fundi wa kuchomelea. Tunamwita Cheche. Anatengeneza mageti na madirisha, lakini chuma ni chuma. Nikamweleza mpango. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa nini nisifunge mzigo kwa nailoni. Inaelekea Mama Pacha amepita hapa.

Jumatano, 6 Januari

Asubuhi njema. Cheche amechomelea gurudumu dogo mbele, kubwa kwenye tairi la nyuma. Yamekaa kama yamezaliwa hapo. Nikapiga mluzi. Nikauchukua mkanda niuvalishe.

Hauingii.

Nikageuza. Hauingii. Nikapitisha juu, nikapitisha chini, nikalala chini ya pikipiki na mkanda shingoni. Hauingii! Cheche alikuwa amekaa juu ya geti la mtu ananitazama. Ndipo akanieleza, kwa upole wa kuudhi, kwamba ule mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma unapita katikati ya njia ya mkanda. Cheni ina pingili ya kufungulia. Unaikata, unaizungusha, unaiunga. Mkanda ni duara. Hauna mwanzo wala mwisho. Ama ufungue nyuma yote ya pikipiki, ama ukate ule mkono, upitishe mkanda, kisha uchomelee upya.

Nikamwambia akate. Akasema ana mageti ya watu, labda wiki ijayo. Wiki ijayo! Ijumaa je? Marashi si atakuwa ameshachukua cheo, kiti na heshima yangu yote?

Nikakaa kwenye kivuli cha geti, roho juu. Ndipo nikakumbuka cherehani. Mkanda wa cherehani si duara! Ni ukanda wa ngozi uliokatwa, ncha mbili, zimeunganishwa kwa kipande cha waya. Miaka yote hiyo unazunguka na haujawahi kulalamika. Nikamwambia Cheche: tunaukata mkanda, tunaupitisha, tunaushona kwa waya.

Cheche akashuka kwenye geti. Kisha akauliza kama cherehani ya mke wangu huwa inapanda mlima ikiwa imebeba mtu. Watu wengine Mungu amewapa mikono akasahau kuwapa maono.

Alhamisi, 7 Januari

Nimefaulu! Mkanda umepita, umeungwa kwa waya mnene, nimeupiga mishono mpaka koleo likanitoa malengelenge. Cheche alikataa kushiriki. Alisema ana mke na watoto.

Doa moja tu katika kazi nzima: kukata mkanda. Kisu kiligoma. Nikaazima mkasi wa Mama Pacha, ule wa vitambaa, ambao hata karatasi haukatiwi. Nikaurudisha mahali pake nikiwa nimeupangusa vizuri. Baada ya chai nikamsikia anakata kitambaa, na kitambaa kinatafunwa. Akauliza nani kagusa mkasi. Pacha wako kwa bibi yao tangu wiki iliyopita, kwa hiyo hata wa kumsingizia sikuwa naye. Nikasema labda ni hali ya hewa. Alinitazama kwa muda mrefu sana.

Lakini alipoiona pikipiki ikipita mbele ya mlango! Haiungurumi kama zamani. Hakuna kile kishindo cha cheni. Hakuna tone la grisi. Mama Pacha alitoka nje akasimama na sindano mdomoni. Akasema sijafanya vibaya. Kwa mke wangu hiyo ni hotuba.

Marashi naye akatokea, maana hana kazi. Akainama, akatega sikio, akauliza ile tik, tik, tik ni ya nini. Kweli, kila waya unapopita kwenye gurudumu dogo, unalia tik. Nikamwambia pikipiki za kisasa zinajihesabia mwendo. Akaguna. Akasema kesho anaweza kunifuata kwa nyuma, kwa tahadhari tu. Nikamwambia abaki akajipulizie.

Ijumaa, 8 Januari

Naandika huku miguu iko kwenye beseni.

Nilitoka nyumbani kifua mbele. Mzigo nyuma, mashati yamefungwa kwa shuka, meupe mpaka yanaumiza macho. Mama Pacha aliyakunja moja moja, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba shule hii ikiridhika, atapewa na sketi na sweta za mwaka mzima. Hakuongeza neno. Hakuhitaji.

Tambarare, safi. Tik, tik, tik. Watu wakageuka kunitazama. Nikafika kwenye kilima cha kwenda shuleni, nikaongeza moto. Tik. Tik. Kisha, pwaa! Kitu kikanipita sikioni, kikatua mtaroni. Ulikuwa mkanda. Waya sijauona mpaka sasa.

Injini iliendelea kuunguruma kwa furaha, haina habari na tairi, tairi halina habari na injini. Nikaizima, nikashuka. Nikautazama mkanda uliolala kwenye maji machafu. Nikatamani na mimi nilale hapo hapo.

Ndipo nikasikia harufu kabla sijasikia skuta. Marashi! Kumbe alikuwa amenifuata. Akasimama, akavua kofia, akauliza kama kuna tatizo. Nikasema hakuna, napumzisha injini. Akautazama mkanda. Akautazama mzigo. Akasema, na lazima nikiri hakucheka: “Shemeji, nipe hayo mashati niyafikishe. Dada hatajua.”

Nilikaribia kumpa. Wallahi, mikono ilishaanza kufungua kamba. Lakini nikajiuliza, nikimpa leo, Jumatatu nitakuwa nani? Mtu wa kukaa nyumbani kuokota vifungo? Huyo dada yake ananiita mtu wa maana akiwa ananikabidhi mzigo, basi. Saa nyingine zote mimi ni mtu wa kuulizwa nani kagusa mkasi. Nikakaza kamba upya. Nikamwambia asante, nitafika.

Nikasukuma.

Kilima kile, ukikipanda kwa pikipiki, si kitu. Ukiisukuma wewe, kinaongezeka. Nilifunga leso usoni ili jasho lisidondokee mashati. Nikasimama, nikasukuma, nikasimama, nikazungumza na miguu yangu kwa lugha ambayo siiandiki hapa. Mzigo haukugusa chini hata mara moja.

Getini nikakutana na mwalimu mkuu mwenyewe. Akauliza mbona nasukuma pikipiki. Sijui maneno yalitoka wapi. Nikasema wanafunzi wako darasani, sikutaka kuwapigia kelele. Mama wa watu akashika kifua! Akasema wasambazaji wote wangekuwa na adabu kama yangu, shule zingekuwa mbali. Akafungua shuka, akayakagua mashati mbele na nyuma. Safi! Yote safi!

Kurudi, nako nilisukuma. Ila ni mteremko.

Jumamosi, 9 Januari

Mwalimu mkuu amempigia simu Mama Pacha, amemsifia mumewe. Sketi na sweta, mwaka mzima! Nilikuwa nimelala, nikajifanya bado nimelala ili nisikie vizuri.

Kisha nikamsikia Marashi ukumbini. Anamweleza yote: mkanda, mtaro, kilima. Nikajifunika shuka mpaka kichwani. Nimekwisha, nikasema. Cheo kwaheri.

Mama Pacha akaingia peke yake, akakaa kitandani, akalitoa shuka usoni kwangu. Akauliza ni kweli nilisukuma toka chini ya kilima mpaka getini. Nikasema ndiyo. Akauliza kwa nini sikumpa kaka yake mzigo. Nikasema ulikuwa mzigo wangu. Akakunja ncha ya shuka kama anavyokunja pindo.

“Basi endelea kubeba wewe, Baba Pacha,” akasema. “Ila Jumatatu nenda kamwangukie yule mwenye gereji, urudishe cheni. Na mkasi utanoa mwenyewe.”

Machozi yalinilengalenga. Nikasema ni maumivu ya miguu. Nikaahidi. Niliahidi kwa moyo wangu wote, na nilimaanisha kila neno.

Jumapili, 10 Januari

Miguu imepata ahueni kidogo. Nimekaa mlangoni kwenye kiti changu, naitafakari Ijumaa bila jazba.

Mtu mwenye akili hujiuliza: nini hasa kilitokea? Pikipiki ilikwenda mpaka shuleni. Haikutoa grisi. Haikutoa moshi. Haikupiga kelele, mpaka mwalimu mkuu akashika kifua. Haikunywa mafuta hata kidogo. Na haya yote yaliwezekana lini? Injini ilipokuwa imezimwa!

Kwa hiyo cheni haikuwa na kosa. Mkanda pia haukuwa na kosa, masikini. Tulikuwa tunamwonea asiyehusika. Tatizo la pikipiki yangu tangu siku ya kwanza ni injini.

Kesho asubuhi, kabla sijapita gereji, nampitia Cheche. Tunaitoa injini yote. Pikipiki itakuwa nyepesi kama unyoya. Kisha hapo katikati, chini ya kiti, tunaweka pedeli mbili, moja kulia, moja kushoto, mtu anakaa na kukanyaga kwa miguu yake mwenyewe huku inakwenda. Nimeshachora. Inapendeza.

Mama Pacha sijamwambia, nataka aione ikiwa tayari. Kinachonishangaza ni kwamba duniani kote, na mafundi wote walivyo wengi, hakuna mtu aliyewahi kulifikiria jambo hili.