Kitone Kimoja kwa Kuze

Mwanaesha binti Taib,
Kuze, Mji wa Kale,
Mombasa.

Kwa Ndugu Mhariri wa Atlasi ya Shule,

MINTARAFU: KISIWA CHETU KURUKWA KATIKA UGAWAJI WA MAFUTA NA GESI DUNIANI

Assalaam alaykum, na kama wewe si mtu wa salamu hiyo, basi pokea habari za asubuhi kwa nia ileile. Natumai u mzima na macho yako bado yana nguvu, maana kazi yako ni ya vitu vidogo vidogo.

Jina langu ni hilo hapo juu. Kazi yangu ni kupakua. Kwa miaka thelathini na mmoja sasa, harusi ikifanyika Kuze, mimi ndiye ninayesimama kwenye sufuria ya pilau upande wa wanawake, mwiko mkononi na leso kiunoni. Katika miaka yote hiyo halijatoka kwangu hata sinia moja lenye wali mtupu, wala sinia lililorundikiwa nyama kwa sababu aliyeketi hapo ni shangazi yangu. Nakueleza haya bila majivuno, ili ujue kwamba anayekuandikia ni mtu wa fani yako.

Jumanne iliyopita mjukuu wangu Zakiya, aliye darasa la sita, aliiacha atlasi yako wazi juu ya mkeka akaenda kunywa chai. Ukurasa ulikuwa wa arubaini na mbili, na juu yake pameandikwa "Akiba ya Mafuta na Gesi Asilia Duniani". Vitone vyeusi ni mafuta, pembetatu nyekundu ni gesi. Nikavaa miwani, nikaitafuta Mombasa, nikaipata. Imeandikwa vizuri, ahsante. Lakini kando yake hapana kitu. Hapana kitone, hapana pembetatu, hapana hata alama ya wino ulioteleza kwa bahati mbaya. Nikamuuliza Zakiya ni nani aliyeviweka vitone hivi. Akaniambia, "Ni mhariri, nyanya. Jina lake liko ukurasa wa mbele. Yeye ndiye huamua kipi kitiwe na kipi kitolewe." Basi nikajua pa kupeleka shauri langu.

Kabla sijaanza, tuelewane. Riziki hugawa Mwenyezi Mungu, na mimi Naye sina neno hata kidogo. Lakini kati ya sufuria na sinia kuna mkono wa mpakuzi, na mkono huo naujua, kwa sababu ninao. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Ulipakua kabla ya kuhesabu watu. Kwetu sisi, kifuniko cha sufuria hakifunguliwi mpaka mtu azunguke mikeka yote ahesabu vichwa, pamoja na yule aliyesema kwamba yeye ameshakula kwao. Ukurasa wako unaonyesha wazi kuwa hukuzunguka. Nchi za Ghuba umezijaza mpaka vitone vimepandana. Kuna nchi moja pale, ndogo hata jina lake halikuenea ndani ikabidi uliandike baharini, na bado umeirundikia pembetatu hadi haionekani. Kisha kuna Venezuela, iliyopata kuliko wote kama mtoto wa mpishi. Ulipogeuka kutazama upande wetu, mwiko ukawa unakwaruza chini ya sufuria. Hilo ni kosa la mpakuzi wa mwaka wa kwanza, na mimi nimewahi kumwondoa mtu jikoni kwa kosa hilohilo, akalia, nikamwombea, lakini nikamwondoa.

2. Umewapakulia wasiokuwepo. Kaskazini kabisa kwenye barafu nimehesabu pembetatu kumi na nne, na Zakiya asema hapo haishi mtu ila dubu. Nakuuliza kwa heshima: dubu anapika nini?

3. Gesi imesimamishwa mpakani. Pembetatu zako zinaanzia Msumbiji baharini, zinapanda vizuri, moja nyuma ya nyingine, zinafika Tanzania, na zinapokaribia Kenya zinakoma ghafla kana kwamba zimekutana na askari. Bahari ni ileile, Ndugu Mhariri. Nguru niliyempika jana sijui alizaliwa upande upi wa mpaka, na wala hakuna aliyemuuliza pasipoti. Je, hiyo gesi iliombwa kitambulisho na nani?

4. Turkana wamepewa vitone. Nawapongeza kwa moyo mweupe. Nimelitaja hili ili tu usije ukanijibu kwamba Kenya imeshakula. Harusini ukipeleka sinia chumba cha mbele, hujawapa watu wa uani.

5. Mafuta yanatupita mlangoni. Meli zinakuja hapa hapa, kubwa kama mitaa, zinashusha, na mafuta yanaingia kwenye bomba yanakwenda zake bara. Sisi tuliomwona mgeni akishuka twabaki kwenye foleni ya mitungi kama watu waliosikia habari redioni. Dama, anayeuza mihogo ya kukaanga pale Feri, ameniomba niongeze jina lake kwenye lalamiko hili la tano, nami nimeliongeza. Asema pia kwamba hiyo mihogo yake ingepata kitone chake peke yake isingekuwa dhambi.

6. Masharti yote tumeyatimiza. Hili naomba ulisome polepole. Kitabu cha Zakiya kinaeleza kwamba mafuta hutokana na viumbe vidogo vya baharini vilivyokufa, vikafunikwa na tope, vikakaa muda mrefu mno. Viumbe vya baharini: sisi wa Kuze tumekuwa tukitupa mifupa ya samaki tangu kabla ya ramani yako kuchapishwa, na papa mkavu peke yake angetosha kujaza pipa. Tope: njoo wakati wa masika. Muda mrefu: ukoo wangu uko mtaa huu tangu enzi ambazo hakuna aliyezihesabu, kwa hivyo kwenye suala la kusubiri hatuna mpinzani. Isitoshe, hapa jikoni kwangu nimekaanga mahamri miaka arubaini, na kinachomwagika hakipandi juu.

Sikutaka kuandika kwa kudhania. Nilimwita Mung'aro, fundi wa kuchimba visima, mtu wa Kaloleni, mpole na mkweli, nikamwonyesha pembe ya ua. Akachimba siku mbili. Siku ya kwanza alipata kijiko, ambacho nilikuwa nikimdhania mtu mwengine kuwa amekichukua, nami nimeshamtaka radhi. Siku ya pili, shimo lilipomfika kifuani, alisimama, akanusa, akaniambia, "Mama, tukiendelea hapa tutapata, lakini hatutapata unachotaka." Nikamwambia aendelee. Akapiga sululu mara mbili, kisha akapanda ngazi kwa kasi ambayo sikuitarajia kwa mtu wa umri wake.

Kumbe tulikuwa tumekaribia shimo la choo la jirani yangu Badawi. Badawi mwenyewe alitoa kichwa dirishani akanipigia kelele, "Bi Mwanaesha! Wachimba nini hapo? Wataka nyumba yangu ikae juu ya nini?" Mtaa wote ukafunga madirisha, na shimo likafukiwa kabla ya adhuhuri. Badawi mpaka leo ananisalimia kwa kichwa tu. Lakini tuwe wakweli, Ndugu Mhariri: gesi ilikuwepo. Huwezi kunikatalia kwamba ilikuwepo. Nina mashahidi nyumba kumi na moja.

7. Khubaib. Hili ndilo lililonifanya ninunue bahasha.

Khubaib ni mwanangu, baba yake Zakiya. Ni fundi wa kuchomelea mabomba, na miaka minne iliyopita alikwenda kufanya kazi kwenye kimoja cha vitone vyako vya Ghuba. Zakiya amekionyesha kwa kidole. Tangu hapo amekuja mara moja, siku tisa, na siku mbili kati ya hizo alilala tu. Idi zote nyingine yuko kazini, kwa sababu mafuta hayana Idi. Dada yake Fairuz alipoolewa, yeye alikuwa ndani ya simu. Tuliisimamisha hiyo simu juu ya mto, nami nikampakulia sinia lake, nyama juu, nikaliweka mbele yake. Akacheka, akasema, "Mama, lanukia mpaka huku." Halafu akaliangalia lile sinia mpaka simu ikazima yenyewe. Sinia nikawapa majirani.

Mimi sijawahi kukosea kuhesabu watu harusini. Nyumbani kwangu nakosea kila siku. Naweka sahani za mchana, naangalia, nakuta nimezidisha moja. Zakiya huirudisha kabatini bila kusema kitu, na ana miaka kumi na mmoja, hafai kuwa amejua kunyamaza hivyo. Nimemkumbuka mwanangu, Ndugu Mhariri. Hayo malalamiko sita ya juu ni ya kweli, lakini ningeweza kuishi nayo. Hili la saba siliwezi.

Kwa hivyo ombi langu si kisima. Kisima nimeshajaribu. Ombi langu ni kitone, kimoja, juu ya Kuze. Nimeutazama ukurasa wako siku nne nikagundua jambo: penye kitone watu huenda. Meli huenda, barabara huenda, na watoto wa watu hupanda ndege wakaenda. Hakuna anayefunga mzigo kwenda mahali patupu kwenye ramani. Ukituwekea kitone, kampuni ya Khubaib itakiona, itasema twende huko, itauliza ni nani anayeijua njia, na Khubaib atainua mkono. Atakuja kazini kutoka nyumbani kwake, kwa miguu, akiwa ameshiba.

Ili kukurahisishia, nimeshafikiria na masharti. Mashine zije vipandevipande, kwa maana kwenye kichochoro chetu mkokoteni ukipita hata paka husubiri. Zizimwe wakati wa adhana. Ijumaa zisiguswe mpaka watu watoke msikitini. Siku ya harusi zizimwe kutwa nzima, kwani zikitikisa sufuria mimi nisilaumiwe kwa wali utakaoshikana. Ikiwa kuna mashine isiyoingia kabisa, iwekwe Kizingo, ambako viwanja ni vikubwa na wenyewe hupita ndani ya magari na hawatajua ipo. Lakini kitone kibaki Kuze. Na ukiniambia kwamba vitone vimekwisha, mpunguzie dubu. Mwambie nimekutuma mimi.

Tafadhali nisalimie wachoraji wote hapo ofisini, hasa yule wa bahari, rangi yake ya samawati imenipendeza sana. Nisalimie anayeandika majina ya mito, najua ana kazi ya kupindapinda. Msalimie mkeo na wanao. Mamako kama yu hai, mbusu mkono na umwambie nasema hongera kwa kukulea ukawa karibu naye. Zakiya akusalimia, asema ukurasa wa kumi na saba una kosa lakini hatakuambia ni lipi mpaka ujibu barua hii. Dama akusalimia. Badawi hakusema kitu.

Ni mimi, mpakuzi mwenzio, mwenye sahani tupu na asiye na kinyongo,

Mwanaesha binti Taib

Nyongeza: Barua hii ilikuwa imeshafungwa. Nimeifungua kwa mvuke wa birika, ndiyo maana wino umechafuka hapo juu, usije ukadhani nimelia. Nimelia, lakini si juu ya karatasi.

Khubaib amekuja. Leo, baada ya swala ya alasiri, nikasikia hodi, nikajibu, "Karibu, nani?" na sauti ikasema, "Ni mimi, mama." Kile kitone alichokuwa akikifanyia kazi kimekwisha. Sikujua kwamba vitone huisha, ramani yako haisemi. Kampuni imehamia nchi nyingine yenye vitone zaidi, wakamwambia apande ndege pamoja nao. Nakuandikia jibu lake kama alivyonieleza: "N'kawambia, nyinyi endeni huko, mimi naenda Kuze. Wakaniuliza, Kuze kuna nini? N'kawambia hakuna kitu." Ndugu Mhariri, sijapata kusikia maneno matamu kama hayo.

Basi futa malalamiko yangu, la kwanza mpaka la saba, na masharti yake, na mambo ya Kizingo. Umegawa vizuri sana. Nimeutazama tena ukurasa wa arubaini na mbili, Khubaib akiwa amelala chumba cha pili mlango wazi na Zakiya amekaa kizingitini akimlinda kama askari wa benki, na naona kwamba mahali petu patupu pamechorwa kwa ustadi mkubwa. Kama ulikuwa umeshaanza kututia kitone, sugua upesi, maana nacho kitakuja kuisha, halafu watamwambia tena apande ndege. Dubu mrudishie chake.

Na mtu yeyote wa Kuze akikuandikia kuomba kitone, hata mwandiko ukiwa ni wangu, mwambie wino umekwisha.