Gari Langu Linaniita Mwizi

Kwa Ndugu Fundi Umeme wa Magari, ambaye kwa bahati mbaya ni mjukuu wangu,

Umevunjika mguu? Kama umevunjika, ungesema tukuletee uji. Kama u mzima, basi una roho ngumu, maana tangu uunganishe alamu na kufuli za gari langu, ukala, ukapangusa mdomo, hujakanyaga tena hapa. Mimi darasani sikuingia hata kufagia. Anayeniandikia ni shangazi yako, na nimemkataza kulainisha hata neno moja.

Malalamiko yangu rasmi ni haya.

La kwanza. Ulisema nikibonyeza rimoti, alamu itawaka na milango yote itajifunga. Mume wangu, umegeuza nyaya! Nikibonyeza kufunga, milango inafunguka yote. Nikibonyeza kufungua, inajifunga. Kwa hiyo nikiegesha sokoni, alamu inalinda gari lililo wazi kama kinywa cha mlevi.

La pili ni baya zaidi. Nikiwa ndani na mayai yangu ya kuuza, siwezi kutoka mpaka nibonyeze kufunga. Hapo milango inafunguka, lakini alamu nayo inaamka. Nikishusha mguu tu, inanipigia mayowe. Juzi mgambo wa soko alinishika mkono. “Bibi, gari la nani hili?” Nikamwambia langu. “Mbona linakukataa?” Njoo umjibu wewe!

La tatu, wateja wakisikia yale mayowe wanajua nimefika, wanakuja mbio. Mayai yanaisha hata kiti sijakaa. Nalo ni kosa, maana sipati muda wa kupiga soga.

Kwa heshima zote, basi, naomba uje urekebishe. Kama huwezi, uje ukae ndani ya gari, uwe wewe ndiye alamu. Sauti unayo, tangu uchanga wako majirani hawakulala. Na kama hilo nalo ni gumu, nitaliegesha mbele ya gereji yako, nishuke, nipande, nishuke tena, mpaka wateja wako waulize ni fundi gani aliyelifungia umeme. Jina lako nalijua vizuri. Nilikupa mwenyewe.

Wasalimie mafundi wenzako wote, na yule wa rangi aende hospitali na kile kikohozi. Mkeo mwambie nampenda, na pole.

Wako mwenye hasira halali,
Bibi yako

Baada ya sahihi: Jana mjomba wako alipita. Akachungulia chini ya usukani, akasema ni nyaya mbili tu za kubadilishana nafasi, hata chai haitapoa. Akashika koleo. Nikampiga mkono, nikamtoa nje. Akishatengeneza yeye, wewe utaletwa na nini? Nyaya zako ziko vilevile ulivyoziacha, na ole wake atakayezigusa. Ukija, usiniambie umeacha gari la mtu juu ya jeki. Vifaa viache huko huko. Lete nguo za kulalia.