Hamira Isiyoumua na Heshima ya Mwoka Mikate

Kwa Dada yangu,
Muuguzi wa Wodi ya Wanaume.

Dada Mheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUONDOLEWA KWA KOPO LA MANJANO NYUMBANI KWANGU

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu, na ukishakirejea, kaa chini, maana nina mengi.

Najua utashangaa kuandikiwa rasmi hivi na mdogo wako wa tumbo moja, wakati nyumba yako na yangu zinatenganishwa na uwanja wa shule tu. Nimeamua kuandika kwa sababu kila nikija kukueleza kwa mdomo unanivua saa na kunishika mkono kutafuta mapigo ya moyo. Mtu hawezi kulalamika vizuri huku anahesabiwa mapigo.

Ili tuwe pamoja, nakukumbusha mambo yalivyoanza, maana wewe ni hodari wa kuanzisha na mwepesi wa kusahau. Daktari aliniambia presha yangu iko juu, niachane na chumvi na viazi vya kukaanga. Nilimwambia nimesikia. Sikumwambia nimekubali. Wewe ukaja na kopo la bati lenye unga wa manjano kama pumba, ukaliita hamira ya lishe, ukamkabidhi wifi yako, mkajifungia jikoni. Mlipotoka mlikuwa mnacheka, na kuanzia hapo sina tena usemi juu ya kinywa changu mwenyewe. Kisha ukasema, kwa sauti iliyosikika mpaka uani, kwamba Baba alianguka mbele ya tanuri lile ninalowasha mimi kila siku, na kwamba wewe huko tayari kumzika mwoka mikate wa pili katika ukoo huu. Maneno yale yaliniuma, Dada. Alikuwa baba yangu pia. Lakini hilo silo lalamiko langu. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Jina lenyewe ni udanganyifu. Mimi nimekanda unga tangu kidevu changu hakijafika juu ya meza, na ninajua kazi ya hamira ni kuumua. Hii yenu haiumui chochote. Wifi yako ananieleza kwamba imeshapashwa moto ikafa, na watu huila kwa ajili ya vitamini na ladha yake ya jibini. Sasa nauliza kwa heshima zote: kama imekufa, si izikwe? Kwa nini maiti inyunyiziwe juu ya karoti zangu? Halafu maelezo hayo nilipewa baada ya madhara, kama utakavyosoma kwenye namba sita.

2. Tanuri langu limetekwa. Mikate ikishatoka, na kuta zikiwa bado na moto, wifi yako anaingia na trei zake bila hodi. Karoti, boga, bitiruti, majani ya kabichi, vyote kavikata vyembamba mpaka ukivishika unaona vidole vyako upande wa pili. Anavipaka mafuta kidogo, kiasi cha kuvidanganya, anavimwagia yale manjano, kisha anaacha mlango wa tanuri wazi kidogo ili mvuke utoke vikauke. Wazi! Baba aliwahi kunikimbiza na koleo la mikate mpaka barabarani kwa kuacha mlango uleule wazi. Leo nikipita karibu naambiwa nisiguse, nitaharibu joto.

3. Mboga hizo zinapungua. Mkate ukiingia mdogo unatoka mkubwa, na hiyo ndiyo faida ya kuwa mwoka mikate. Boga zima linaingia tanurini, linatoka limejaa kiganja. Nimeuliza lililobaki limekwenda wapi, nikajibiwa kwamba ni maji. Basi mimi nimegeuka mtu wa kuchoma kuni ili kukausha maji.

4. Kelele. Viazi vya kukaanga vina adabu. Hata ukivila nyuma ya mlango wa stoo, hakuna anayejua. Hizi mboga zikiguswa na jino tu, nyumba nzima inageuza shingo. Juzi nilikuwa stoo nikikagua magunia, shughuli zangu za kawaida, mara binti yangu akapaza sauti kutoka sebuleni kuuliza ninatafuna nini. Nilimjibu kwamba ni kokoto imeingia kwenye kiatu. Akanikumbusha kwamba nimevaa ndala. Ona mtoto anavyojifunza kumhoji baba yake, na chanzo ni wewe, shangazi yake.

5. Kopo linaisha haraka kuliko inavyoelezeka. Wifi yako anashuku panya. Mimi nimemuunga mkono kwa moyo wote, na mtego niliutega mwenyewe mbele ya macho yake. Mpaka sasa haujakamata kitu. Inaonyesha panya wa siku hizi ni werevu mno, wanajua hata kurudisha mfuniko.

6. Hapa sasa naomba utulie, maana ndipo nilipovunjiwa heshima. Asubuhi moja hamira yangu ya kazi iliisha na maduka bado yamefungwa. Nikaliona lile kopo. Nikajiambia, hamira ni hamira. Nikakanda, nikafunika, nikangoja. Donge likanitazama. Nikalisogeza karibu na moto, nikalifunika kwa koti langu, nikalibembeleza kama mtoto mwenye homa. Wapi! Nikaongeza manjano mengine, tena kwa hasira. Watu walishaanza kugonga dirisha, nikaoka hivyohivyo, na mikate ikatoka bapa kama vigae. Ningekuwa na pa kujificha ningejificha. Jirani yangu fundi cherehani akanunua mmoja, nikadhani ni kwa kunionea huruma. Hakuumaliza. Alirudi mbio, makombo yamejaa kidevuni, anataka kujua nimeficha wapi ile mingine yenye jibini. Alivyo na mdomo, kufikia mchana mtaa mzima ulishajua. Sasa watu wanapita mbele ya mikate yangu iliyoumuka vizuri, mikate ya kufundishwa na Baba, wanaulizia ile bapa. Fundi wangu jirani ameanza hata kuniita Bwana Bapa, na jina linashika. Dada, mkate niliokosea unapendwa kuliko niliopatia. Niambie wewe muuguzi, ugonjwa huo una dawa?

7. Mwili wangu. Kitambi changu ndicho kilichokuwa bango la biashara. Mteja akikiona alijua hapa pana mkate wa kweli. Sasa suruali zinanivuka nikiinua trei, na fundi cherehani anazipunguza huku anaimba. Watu wananiuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna amani. Nani atamwamini mwoka mikate mwembamba? Si atadhaniwa hali mkate wake mwenyewe? Na si hilo tu. Kliniki walinipima presha, daktari akakunja uso, akapima mkono wa pili, akaagiza mashine nyingine. Majibu yakawa yaleyale: imeshuka, imekaa mahali pake. Akaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia ukweli, kwamba nateswa nyumbani. Akaniambia niendelee kuteswa hivyohivyo.

Kwa hiyo, Dada, unaona mwenyewe hatari ilipofika. Mambo yakiachwa yaende hivi, nitakuwa mtu mzima mwenye afya njema, asiye na kitambi, anayeoka mikate isiyoumuka, katika nyumba ambayo hata kutafuna ni kosa la kujulikana. Sikuomba maisha ya namna hiyo. Naomba uje wewe mwenyewe uchukue kopo lako kwa mkono uleule uliolileta. Umrudishie wifi yako akili zake za zamani. Viazi vya kukaanga virejeshwe, walau siku za Jumamosi. Na utangaze mtaani, kwa kuwa wewe ndiye unayesikilizwa, kwamba mkate halali ni ule uliovimba. Nikikosa jibu la kuridhisha nitafikisha jambo hili ngazi za juu, yaani kwa mama mkwe wangu.

Ukishaisoma barua hii, isome tena ukiwa umevua koti la kazi, ili uielewe kama dada na si kama muuguzi. Msalimie sana shemeji. Wasalimie wapwa zangu, na uwaambie mjomba wao bado yupo, ingawa kwa upana amepungua. Wasalimie na wagonjwa wote wa wodi yako. Mwambie kila mmoja kwamba namwonea huruma, maana najua yuko mikononi mwa nani.

Wako mtiifu kwa shingo upande,
Mdogo wako, Mwoka Mikate.

Nakala: Hakuna. Wifi yako asiione.

N.B. Jana gari la unga lilishindwa kuingia uchochoroni, likashusha mzigo barabarani. Nikajitwika gunia begani, nikalipeleka mpaka mlangoni pa tanuri, na nilipolitua ndipo nikagundua kwamba sikupumzika popote. Unalikumbuka lile jiwe la kwenye kona, alipokuwa akikaa Baba na gunia lake, na sisi watoto tukidhani anapapenda tu pale? Nimelipita, Dada. Baadaye nilirudi nikalikalia kidogo, na si kwa kuchoka.

Kopo atakalokukabidhi fundi cherehani pamoja na barua hii ni tupu. Tafadhali lijaze mpaka juu, ulishindilie, halafu alifunge ndani ya ile suruali yangu anayoipunguza asije akaonekana nalo. Wifi yako bado anawinda panya.