Kanuni ya Tisa ya Mazungumzo Kitini

Idara ya Mazungumzo ya Vinyozi na Wasusi ina furaha kuutangazia umma kwamba, kuanzia mwezi huu, hakuna kichwa kitakachonyolewa wala kusukwa bila maongezi ya Kiingereza. Mimi ni katibu wa jopo la mitihani. Naandika yaliyotokea, kama yalivyotokea.

Mwongozo wetu ulitungwa na Mkurugenzi mwenyewe. Kanuni ya nne inataka kiti kigeuzwe kisitazame kioo, ili mteja na kinyozi watazamane wakiongea. Kanuni ya sita inamtaka mteja ajibu kila swali, hata wembe ukiwa mdomoni. Kanuni ya tisa inasema jibu la mteja kwa Kiingereza ni agizo, na kinyozi hatalihoji. Maswali yenyewe ni saba. Kichwa kina sehemu chache za kuulizia, kwa hiyo mawili ya mwisho yanahusu nyusi, moja kwa kila upande. Wateja wote huyajibu hapana.

Katika wiki tatu za majaribio tulipokea taarifa za midomo arobaini na mmoja iliyokatwa. Tuliziingiza kwenye safu ya mazungumzo yaliyochangamka.

Tatizo lilikuwa kinyozi mmoja anayeitwa Bubu. Si bubu. Amenyoa miaka thelathini kwa sharti moja: wembe ukiwa mkononi yeye hasemi, na mteja hasemi. Hajawahi kumkata mtu. Idara haikuona uhusiano kati ya mambo hayo mawili. Alikwisha kufeli mara mbili. Akifeli mara ya tatu leseni inafutwa, na kwa kuwa chumba ni kimoja, mkewe, msusi wa upande wa pili wa pazia, naye anafunga.

Nilipopeleka barua ya mtihani wa tatu, msusi aliisoma nikiwa nimemshikia, maana vidole vyake vilikuwa kwenye nywele za mteja.

"Baba watoto, safari hii wanakumaliza. Sema hata maneno mawili!"

"Nikisema, nakata."

"Basi kata! Wenzako wanakata na vyeti wamepewa!"

"Mwache mzee wa watu, dada," mteja akadakia. "Mume wangu kanyolewa na mwenye cheti, karudi na plasta mbili."

"Wewe inamisha kichwa. Nina watoto wanne, wewe una nywele tu."

Kwa siku tisa nilipita mlangoni pao, kwa ukaguzi, si kwa umbea. Msusi alikuwa akiuliza maswali yote saba kwa Kiingereza, na Bubu akiyarudia, mikono mitupu.

Siku ya mtihani iliangukia siku ya wafadhili, waliotarajiwa saa nane mchana. Mkurugenzi aliamua kuwa mteja yeye mwenyewe, ili apendeze kwenye picha.

"Kiingereza nimekipigania miaka ishirini," alituambia akikaa kwenye kiti cha Bubu. Sikuwahi kumsikia akikizungumza. Nililihesabu hilo kuwa unyenyekevu.

Bubu alikuwa amepata njia. Aliweka wembe mezani, akauliza, akasubiri jibu, akauchukua tena na kufanya kazi kimya. Mwongozo haukukataza. Mimi nilifuatilia kwenye nakala yangu, yenye tafsiri pembeni.

Aliuliza kama atoe nywele zote.

"Yesi," alisema Mkurugenzi, akitabasamu.

Bubu alinitazama. Nilimfunulia kanuni ya tisa. Akazitoa.

Zikafuata ndevu za mashavuni, kidevu, kisogo. Yakafuata masharubu, ambayo Mkurugenzi alikuwa nayo tangu siku ya harusi. Kila mara alisema yesi, na kila mara tabasamu lilipungua. Unyusi wa kulia ulipoondoka alishtuka, akakamata mikono ya kiti. Angeweza kumzuia. Ilihitajika sentensi moja fupi ya Kiingereza, mbele ya jopo lake, na msusi alikwisha kufungua pazia kutazama.

Bubu aliweka wembe mezani, akauliza swali la saba.

"Yesi," alisema Mkurugenzi, kwa sauti ya mtu anayesaini.

Kiti kikageuzwa kwenye kioo.

"Nani kamruhusu huyu?"

Nilimkabidhi kanuni ya tisa. Aliitazama saini yake chini ya ukurasa.

"Bosi, si ungesema tu hutaki?" aliuliza msusi. "'No' ipo ukurasa wa kwanza wa mwongozo. Hata mwanangu wa chekechea anaijua."

Bubu alipata saba kati ya saba. Leseni yake ilipigwa muhuri hapo hapo.

Saa sita Mkurugenzi alitoa waraka. Watumishi wote wa Idara wanyoe nyusi kabla wafadhili hawajafika, ili ionekane ni sare. Tulikuwa thelathini na wanane. Wenye vyeti walitufuata barabarani wakitubembeleza kwa Kiingereza, hakuna aliyekubali. Wote tulipanga foleni kwa Bubu, na kila aliyekaa alimwomba, kwa heshima na kwa Kiswahili, asiseme kitu.

Zamu yangu ilipofika, nilimwomba vivyo hivyo. Bubu aliweka wembe mezani, akaniuliza jambo kwa Kiingereza. Nilipekua nakala yangu. Swali hilo halimo. Nyuma ya pazia msusi alikuwa amebana kicheko, na nyuma yangu watumishi walisubiri kusikia katibu wa jopo la mitihani atajibu nini.

Nikasema yesi.

Taarifa hii inawasilishwa bila picha ya mwandishi.