Mpwa wa Ngazi Namba Saba

Katika miaka yangu sabini na minne ndani ya nyumba hizi za manispaa ya Vienna, hajazaliwa tapeli wa kunidanganya mimi. Simhesabu yule aliyeniuzia blanketi la manyoya ya ngamia likayeyuka kwenye pasi, wala yule wa dawa ya magoti, wala mume wangu wa kwanza. Hao walinikuta nina haraka.

Bahati nzuri Ferdinand Wokurka hakunijia mimi. Alimwendea Hermine Zawadil.

Ilikuwa mapema Oktoba, kwenye kibanda cha soseji nje ya jengo letu, ambamo kila mlango wa kuingilia huitwa ngazi na una namba yake. Ferdinand alikuwa akila soseji aliyonunuliwa na bwana mmoja ambaye yeye Ferdinand alimwahidi kazi, kazi ambayo hata yeye mwenyewe angeipenda kama ingekuwepo. Nyuma yake wanawake wawili wakawa wanasema: Bibi Zawadil wa Ngazi Namba Saba, ghorofa ya tatu, miguu imegoma, hana mume, hana mtoto, anahama kabla ya Krismasi.

Soseji ikasimama katikati ya safari.

Vyumba viwili, jiko, roshani, na kodi ambayo haijanenepa tangu enzi za mama yake bibi huyo! Watu wameota mvi kwenye orodha ya kungojea nyumba kama hiyo. Na Ferdinand aliihitaji kuliko alivyopenda kukiri. Tangu mkewe abadilishe kitasa cha mlango, alikuwa akilala kwenye kibanda cha bustani kando ya reli, na huko, Oktoba ikifika katikati, bomba hufungwa hadi Machi ili maji yasigande ndani yake. Mdomo wake ulikuwa wa asali, lakini hata mdomo wa asali unahitaji kusukutuliwa.

Tena kanuni alizijua. Mpangaji akihama, jina kwenye mkataba laweza kumwendea jamaa wa karibu aliyeishi naye miaka miwili chini ya dari moja. Ferdinand hakuwa jamaa, na dari hiyo hakuwahi kuiona. Hayo aliyahesabu mambo madogo.

Kesho yake akagonga mlango, mkononi keki ya tufaha.

"Nabusu mkono, mama," akasema, akainama mpaka kiuno kikalia.

"Wewe nani?"

"Mpwa wako."

"Mimi sina mpwa."

"Ndiyo maana nimekuja."

Bibi Zawadil akamtazama toka utosini hadi vidoleni, kama anayechagua nyama buchani na kumshuku muuzaji. "Vua viatu," akasema.

Akavua, kama ada ilivyo, akabaki na soksi zake za kijani. Alikuwa na jozi mbili tu duniani, hizo na za kahawia, na siku ya kuomba bahati alivaa za kijani.

"Ungekuwa mpwa wangu," bibi akasema akiikata keki, "ungejua sili zabibu kavu." Akala vipande vitatu, na zabibu zake.

Ferdinand akamwaga sera. Bibi aende zake kwa raha kwenye nyumba ya wazee. Jina libaki kwenye ukoo. Yeye mpwa atabaki hapa kulinda kumbukumbu za familia, na kila Jumapili atakwenda kumtembelea shangazi.

"Na mkaguzi akija kuuliza?"

"Tutasema umenilea kama mwanao."

"Ionekane nimelea hivi? Aibu!" Akanywa kahawa. "Sikiliza, kijana. Ngazi hii ina macho. Mtu aliyekaa hapa miaka miwili hukutwa na alama ya mkono wake. Mpwa gani angemwacha shangazi yake ndani ya kuta zenye rangi ya chai ya jana?"

Ferdinand akazitazama kuta. Kweli, zilikuwa rangi ya chai.

"Shangazi," akasema kwa sauti ya machozi, "utanisamehe kwa kuchelewa."

Basi akahamia chumba kidogo, kwenye kitanda cha kukunja kilichomuuma mgongo kama mbwa, na kazi ikaanza. Alikwangua rangi ya zamani tabaka kwa tabaka, akapaka upya jiko, chumba na dari. Alizibua sinki. Alisugua madirisha nje huku shangazi amemshika mkanda wa suruali na kumweleza jinsi jirani fulani alivyoanguka mwaka ule. Kabati la mwaloni, ambalo wanaume wanne walilipandisha zamani, alilivunja vipandevipande akavibeba peke yake hadi kwenye chumba cha chini.

"Mbona tunalishusha, shangazi? Si nitalihitaji?"

"Hewa, mwanangu. Chumba kinataka hewa."

Akapenda neno hilo "mwanangu". Tapeli naye ana masikio.

Majirani aliwapaka mafuta mmoja mmoja. Mlango unaotazamana na wao alikaa Bibi Pospischil, mwanamke mwenye kifua cha kusimamisha tramu na aproni isiyovuliwa hata kanisani. Kila walipokutana, Ferdinand aliubusu mkono wake, naye Bibi Pospischil akaupangusa kwenye aproni. Chini kabisa, karibu na bustani, alikaa Milica Stanković na mumewe na mapacha wanne. Ndiyo, wanne; walikuja wawili wawili.

Jambo moja tu bibi alikataa asaidiwe: kufua. "Nguo zangu za ndani hazijashikwa na mwanamume tangu marehemu, na yeye alikuwa akiombwa." Kila Alhamisi saa sita aliteremka taratibu, ngazi kwa ngazi, na kapu lililofunikwa kitambaa, akakaa huko saa nzima.

Na jueni hili: hapa kwetu siku ya kufua haibandikwi ukutani. Hurithiwa, kama pua. Kila nyumba ina siku yake kwenye chumba cha kufulia, na ukitaka kumjua mkazi wa kweli, usimwombe kitambulisho, muulize siku yake.

Ferdinand aliona kapu likishuka Alhamisi, akajumlisha. Siku moja akanyemelea chini, akakuta mashine kuukuu ya kufunguka juu ikizungusha mashuka meupe, mtu hakuna. Kumbe shangazi anasahau nguo zake! Akatumbukiza shati na soksi ndani, aitumie sabuni ya ukoo, kisha akarudi kuzichota kabla ya mtu kufika. Soksi moja ya kijani haikuonekana. Hakuuliza. Mwizi hapeleki malalamiko kituoni. Tangu siku hiyo alivaa mguu mmoja kijani, asiikose bahati yote, na mmoja kahawia; iliyopotea akaihesabu sadaka.

Jioni walifanya mazoezi.

"Ndege wangu aliyekufa aliitwa nani?"

"Hansi."

"Alikufa kwa nini?"

"Paka wa Bibi Pospischil."

"Hilo usiliseme mbele yake. Umehamia lini?"

"Miaka miwili iliyopita, siku ya Mtakatifu Leopold, mvua ikinyesha, ukanipa supu."

"Supu sikukupa. Usiniongezee wema."

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Walikosea kwa moja. Siku ya arobaini na moja akaja Mhandisi Kratochwil kutoka ofisi ya nyumba, jalada kwapani, na kama desturi ya ngazi yetu, majirani wakaja nyuma yake kuhakikisha anakagua vizuri: Milica na mumewe, na Bibi Pospischil na aproni yake. Wote wakavua viatu. Sakafu iling'aa kama kioo, Ferdinand akiwa ameipiga nta asubuhi hiyo kwa magoti.

Mhandisi akapitisha kidole ukutani. Akafungua bomba. Akatazama dari.

"Bibi Zawadil, nyumba safi kabisa. Sina pingamizi. Mabadilishano yenu nayaidhinisha: wewe unashuka kwa kina Stanković, wao wanapanda hapa. Vitu vyako naona umeshavishusha."

"Vimeshuka, Bwana Mhandisi. Na vipimo vya mapazia nimechukua kila Alhamisi, kwa kahawa ya Milica."

Ferdinand akahisi nta ikimteleza chini ya miguu.

"Shangazi..." akanong'ona. "Si unakwenda kwenye nyumba ya wazee?"

"Nani alisema? Mimi nilisema nahama. Miguu imekataa ghorofa ya tatu. Ya chini haijaikataa."

Mhandisi akafungua ukurasa mpya. "Swali dogo la mwisho. Kazi hii ya rangi amefanya nani? Kama ni fundi wa mlango wa nyuma, asiyeandikishwa popote, itanibidi niandike, na yeye ataitwa."

"Muulize mwenyewe," akasema Bibi Zawadil, akiitazama dari yake kwa mapenzi. "Yeye ndiye anayejijua."

Macho yote kwa Ferdinand. Fundi haramu, faini. Lakini mpwa akimpakia shangazi yake rangi, ni sheria gani itamkamata? Akanyoosha mgongo, mdomo ukarudi kwenye asali.

"Bwana Mhandisi, mimi ni damu yake. Mpwa. Naishi humu miaka miwili sasa, tangu siku ya Mtakatifu Leopold. Mvua ilikuwa ikinyesha."

"Miaka miwili?" Mhandisi alizaliwa kwenye ngazi kama hii, hakutafuta kitu ndani ya jalada. "Vizuri. Basi siku yenu ya kufua ni ipi?"

Ferdinand karibu acheke kwa nafuu. Hili alilijua!

"Alhamisi," akasema. "Alhamisi saa sita, bwana. Mara nyingi nateremka mwenyewe."

"Alhamisi ni siku yangu, tangu kwa mama yangu," akasema Bibi Pospischil. Akatia mkono kwenye mfuko wa aproni, taratibu, akatoa soksi moja ya kijani, akaining'iniza kwa vidole viwili.

Wote wakatazama chini, kwenye miguu ya Ferdinand.