Mgongo Unaojua Mvua

Jumatatu, 19 Mei 2025
Nimeamka, mgongo kimya! Ule moto unaoshuka kutoka kiunoni hadi kidole gumba cha mguu, hakuna. Prudence, binti wa mazoezi pale hospitali, anasema ni vidonge vya usiku na zile hatua zangu mia mbili za asubuhi. Sawa. Ila mtaa umepata hasara. Tangu nilipopasuliwa uti wa mgongo mwaka juzi nikatiwa skrubu sita (mke wangu Mwajabu anasema nne, kwani alikuwemo ndani?), mgongo huu ndio unaoijua mvua hapa Kasulu. Kinamama hawaaniki maharage bila kunisalimu "mwakeye" na kuuliza mgongo unasemaje. Leo kauliza jirani Laurentine. Nikamwambia anika, dada, anika yote. Saa nane mvua hiyo! Maharage yameogelea. Laurentine kasema, shemeji, mgongo wako umelala kazini.
Aibu gani hii.

Jumanne, 20 Mei
Mdogo wangu Saady kapiga simu kutoka Kibondo. Harusi ya Siti ni Jumamosi, uani kwake. Siti ni binti wa marehemu kaka yetu, na mimi ndiye walii. Nikae kwenye mkeka mbele ya sheikh, nimshike mkono bwana harusi, nimuozeshe. Siti mwenyewe aliniomba, akilia. Nimeingoja siku hiyo kuliko Idi. Saady kauliza kwa sauti ya asali kama nitaweza kukaa, maana nisipoweza yeye yuko tayari. Tayari! Tangu utotoni yuko tayari kwa vitu vyangu. Tena anasema turubai la nini, simu yake inaonyesha jua Jumamosi. Simu ina mifupa? Nimemwambia asubiri tamko la mgongo.

Jumatano, 21 Mei
Nimepata akili. Mbwa aliyeshiba habweki. Kwa hiyo vidonge basi, hadi harusi ipite. Nimevificha ndani ya kiatu changu cha Idi, cha kulia. Mwajabu nimemwambia nimemeza.
Prudence alinikanya pia: siku nzuri usizidishe, siku mbaya usiache kabisa. Anawaambia hayo wagonjwa wa kawaida. Mimi leo nimetembea hatua za wiki nzima, halafu nikambebea Laurentine gunia la maharage yake yaliyolowa. Vijana wa bodaboda wakashangaa. Nikawasimulia nilivyoumia: lori la saruji pale Manyovu, nimelishikilia kwa bega hadi dereva akamaliza kubadili tairi. Mwajabu akapita, akasema lilikuwa benchi, nililirukia wakati goli lilipoingia kwenye televisheni, nikatua vibaya. Wanawake hawana kumbukumbu.

Alhamisi, 22 Mei
Mgongo umesema! Umesema usiku kucha. Kiuno, mabega, magoti, hata kope. Shuka likinigusa linauma. Daktari aliupa ugonjwa huu jina, faibromayaljia, refu kuliko langu na la babu yangu ukiyaunga. Nikampigia Saady: Jumamosi si manyunyu, ni gharika, kodi turubai. Kabisha, simu yake bado inasema jua. Nikamuuliza nani mkubwa hapa. Kakodi! Ushindi. Naandika nimesimama. Kukaa hakuwezekani.

Ijumaa, 23 Mei
Nimefika Kibondo nimekunjika kama mundu. Saady kauliza, kaka, kulikoni? Nikasema natafuta kifungo kimeanguka. Akaenda kupiga pasi kanzu yake. Nimemwona!
Kisha balaa. Mwajabu kaniletea viatu vya Idi nivijaribu, kakung'uta cha kulia, vidonge vikamwagika mbele ya ukoo mzima. Hakugomba. Heri angegomba. Kampigia Prudence, kaweka simu kwa sauti kubwa. Binti yule kaniambia, baba yangu, mawingu hayajakupigia kelele, ni neva zako. Dawa hii haikatwi ghafla. Umeze leo kipimo chako kilekile, upumzike, uinuke kidogokidogo. Nikataka kumeza vitatu kufidia. Mwajabu kanipokonya.

Jumamosi, 24 Mei
Jua! Jua la kupasua kichwa. Chini ya turubai ni tanuri, wazee wanajipepea kwa sahani. Nimejaribu kukaa mkekani mara tatu, mara tatu moto umenirudisha. Saady keshavaa kanzu, keshajifukiza udi. Sheikh anatazama saa. Nikajua nimempoteza Siti kwa ujanja wangu, nikageuza uso.
Mara ujumbe kutoka ndani. Siti kasema kama haniozeshi Baba Abbasi, yaani mimi, watu wale pilau waende makwao.
Basi likaletwa godoro. Nikalala ubavu katikati ya mkeka, bwana harusi akainama hadi kofia ikamdondoka, nikamshika mkono, nikatamka kila neno bila kukosea. Machozi yalikuwa ya neva. Baadaye Siti akaja, akaniwekea mto katikati ya magoti, akaninong'oneza: baba, ungemeza dawa tu.
Kweli, mwanangu. Kweli kabisa. Nimeapa.

Jumapili, 25 Mei
Nimelala vizuri kidogo. Asubuhi kaja dereva wa bodaboda kutoka Mabamba, kafuata kiporo cha pilau. Anasema jana ng'ambo, upande wa Burundi, mvua imenyesha hadi migomba imelala.
Mnasikia? Burundi! Mgongo haukukosea hata kidogo, umevuka mpaka tu. Simu ya Saady ilijua hilo? Nimewatangazia wote mezani. Saady kajiongezea pilau, ndiyo tabia ya aliyeshindwa.
Laurentine katuma ujumbe: keshokutwa tukirudi Kasulu, aanike? Watu wananitegemea.
Mwajabu kanipa kidonge cha usiku, kasimama mbele yangu hadi nimeze. Nikakiweka chini ya ulimi, nikanywa maji, nikafumbua mdomo, kaniamini.
Kipo kwenye kiatu cha kushoto. Huko hatafikiria kutazama.